Mpaka Umwone Amekaa

Mama yangu alipanda treni mara mbili tu maishani mwake: kwenda Zambia na kurudi. Kabla ya hapo mwisho wa dunia yake ulikuwa Arusha, alikopelekwa mara moja kutibiwa jicho, akarudi akilalamika kwamba mji ule umejaa watu wasiosalimiana. Alikuwa mwanamke wa Tlawi, juu huko Mbulu, wa mahindi na maharage, ng'ombe wawili watatu zizini, na kanisa kila Jumapili. Kwa hiyo jioni ile alipoingia nyumbani kwangu, akavuta kigoda karibu na jiko na kusema, "Shule zikifungwa tutakwenda Zambia," nilidhani nimesikia vibaya.

"Zambia ipi, mama?"

"Kwani ziko ngapi?"

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa bado, na mshahara wangu ulikuwa wa kununulia sabuni na sukari. Nikamuuliza tunakwenda kufanya nini. Akachochea moto kwa kijiti, akasema, "Kumwona mwanangu." Nikajua anamzungumzia nani. Alikuwa na watoto wake wa kuzaa, lakini alipotamka "mwanangu" kwa sauti ile ya chini, alikuwa anamzungumzia jirani yetu wa zamani kule mashamba ya ngano.

Baba alikuwa dereva wa kombaini ya kuvunia kwenye mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali, kule chini uwandani Basotu. Mashamba yale yalikuwa makubwa mno. Trekta likianza mstari asubuhi ulikuwa unaliona linapungua, linapungua, mpaka linakuwa kama mdudu kwenye mkeka, halafu halionekani tena. Lilirudi watu wakiwa wameshakunywa chai. Tuliishi kwenye kota za wafanyakazi, nyumba ndefu za mabati, kila familia na vyumba vyake viwili. Upepo wa pale haukupumzika. Mama, aliyezoea ukungu na mabonde ya Tlawi, alisema uwanda ule unamfanya ajisikie kama yuko uchi.

Nilikuwa darasa la tano mlango wa pili ulipohamiwa na wageni kutoka Zambia. Mume alikuwa ametumwa na serikali yao kujifunza kilimo cha ngano cha mashine. Mke alikuja naye, binti mrefu, mwenye kicheko cha haraka, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili. Mama naye Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni, maana nyumbani tulisema Kiiraqw. Wakaanza na vitu vya jikoni. Maji. Chumvi. Moto. Sufuria. Kila siku walikaa kizingitini wakichambua mboga na kuonyeshana vidole, na Kiswahili walichokijenga kilikuwa chao wawili. Yule dada alijifunza mpaka lafudhi ya mama, akawa anatoa "h" kutoka chini kabisa ya koo kama mtu aliyezaliwa Mbulu. Wafanyakazi waliotoka Pwani walikuwa wanakuja kumsikiliza kwa burudani.

Mwaka wa pili yule dada akashika mimba. Mtoto alizaliwa akiwa hana uhai. Wa kiume.

Kwetu, kwa desturi ya zamani, mwanamke aliyepatwa na jambo kama lile alikaa peke yake kwa muda mrefu. Watu hawakula naye, hawakumshika mkono, hawakuchota maji mahali alipochota. Wengi wetu tulikuwa Wakristo, lakini ukristo ulikuwa wa juzi na hofu ilikuwa ya miaka mingi. Nakumbuka jinsi uwanja wa kota ulivyokuwa mtupu asubuhi ile, milango imefungwa kana kwamba ni usiku. Nakumbuka pia mama akiwa amesimama katikati ya chumba chetu, amejifunga khanga, mikono imening'inia. Alikuwa anaogopa, nilimwona. Alisimama hivyo muda, halafu akachukua beseni la maji ya moto na kwenda kwa jirani.

Alimwogesha, akampikia uji, akalala naye. Kwa watu wa yule dada, kama kwetu, mtoto wa namna ile huzikwa na wanawake tu. Basi mama na bibi mmoja mzee, mke wa mlinzi, ndio waliombeba mtoto mpaka ukingo wa korongo, nje ya shamba, mahali ambapo plau haikufika. Yule dada aliwafuata akijikongoja. Mumewe alibaki nyumbani. Mama akachomeka matawi ya manyara, ule mti wa uzio wenye utomvu, kuzunguka kaburi, na kwa kuwa manyara hayahitaji kubembelezwa, yakashika.

Kwa miezi kadhaa baadhi ya wanawake hawakukubali kunywa kwenye kikombe cha mama. Mama alikiweka kikombe chake pembeni na kuendelea kuwakaribisha chai.

Wageni wetu walirudi kwao mwaka uliofuata. Asubuhi ya kuondoka, yule dada alimwambia mama, "Utamwangalia?" Mama akajibu, "Nitamwangalia." Hayo tu. Baada ya hapo zilikuwa kadi za Krismasi. Mimi ndiye niliyeziandika kwa upande wetu, na kila mwaka mama aliniambia nimalizie kwa maneno yale yale: mwambie mtoto hajambo.

Na alikuwa anamwangalia kweli. Baba alipofariki tulipanda tena Tlawi, lakini kaka yangu alibaki kwenye karakana ya shamba, na kila mwaka baada ya mavuno mama alidandia lori na kushuka kwa njia ya Dongobesh na Maretadu na Haydom mpaka Basotu, kusalimia wajukuu. Mchana mmoja aliutumia kung'oa magugu pale korongoni. Manyara yalikuwa yameshakuwa marefu kumzidi.

Mwaka ninaousema, alishuka akakuta hakuna manyara. Shamba lilikuwa limeongezwa. Plau ilikuwa imelima mpaka mdomo wa korongo, udongo mweusi umegeuzwa vizuri, umenyooka. Alivua viatu, akaingia ndani ya shamba na kutembea huku na huku akitafuta japo kisiki. Hakukipata.

Hayo alinieleza pale jikoni kwangu, akitazama moto. Nilimpa pole. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na nilikuwa na akili za kiualimu, nikasema, "Mama, nauli ya watu wawili mpaka Zambia ni kubwa. Nimwandikie barua. Nitaiandika vizuri."

"Barua itamkuta amebeba maji kichwani," mama akasema. "Itamkuta njiani, au ana mtoto mgongoni. Barua haiangalii. Habari kama hii humpi mtu mpaka umwone amekaa."

Akauza ng'ombe. Barua niliyoiandika ilisema tu kwamba tunakuja, na kwa treni ya siku gani.

Tulikwenda kwa basi mpaka Arusha, na kwa basi jingine mpaka Dar es Salaam, tukalala kwa mtoto wa shangazi. Alasiri ya pili tukapanda treni. Tulikuwa kwenye chumba cha wanawake, sisi na mama mmoja mfanyabiashara wa Tunduma mwenye mabunda ya khanga, mcheshi, ambaye alituchukua kama wageni wake binafsi. Alimwonyesha mama jinsi ya kukunjua kitanda, akamwonyesha choo, akamwonya asitoe kichwa nje ya dirisha. Mama alimwita "mwalimu" tangu hapo, na mimi mwalimu halisi nikabaki bila kazi.

Tulipoamka tulikuwa Mlimba. Wauza ndizi na wali na kuku wa kuchoma walikuwa wamejaa chini ya madirisha. Kuanzia pale reli inaanza kupanda. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye jiografia na kuwafundisha watoto, lakini sikuwa nimejiandaa kwa macho. Msitu ulisimama kama ukuta, kijani kibichi, kijani cheusi, maporomoko madogo ya maji yakining'inia kama nyuzi. Treni ilipita juu ya madaraja marefu kwenda chini kuliko mnara wa kanisa lolote nililolijua, na ukitazama kwenye kona uliona mabehewa ya mbele yakiwa tayari upande wa pili wa bonde, yanaingia mlimani. Nilikuwa nimeshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Nilitamani kulia kwa uzuri wake.

Mama hakutazama kama mimi. Yeye alitafuta. Macho yake yalikwenda chini kabisa kwenye vijito, halafu juu kwenye nyufa za msitu penye moshi. "Hapa wanalima wapi?" aliuliza. "Ng'ombe wanapita wapi?" Akiona kibustani cha migomba kilichobandikwa kwenye mteremko, aligeuka kukifuata mpaka kikapotea.

Handaki la kwanza lilipotumeza, alinishika mkono. Giza likawa zito na sauti ya treni ikaturudia masikioni. Tulipotoka kwenye mwanga alikuwa bado amenishika.

"Mlima huu," akamwuliza mama wa Tunduma, "walimwomba nani?"

"Waliomba nini, mama?"

"Ruhusa ya kuutoboa."

Mama wa Tunduma akacheka, lakini si kwa dharau. "Wachina walikuja na baruti na watu wetu na sururu. Sidhani kama waliomba mtu."

"Walikufa?"

"Wengine walikufa. Wachina na watu wetu pia. Wachina wana makaburi yao, kule Dar, nje ya mji."

"Yanatunzwa?"

"Yanatunzwa sana. Wanaweka maua."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, akaachia mkono wangu. Mahandaki yaliyofuata aliyapita bila kunishika tena, na mimi niliona haya kidogo, maana kwa saa nzima nilikuwa nimesahau kabisa tunakwenda kufanya nini.

Makambako kulikuwa na baridi na nyasi fupi, na anga limeshuka. "Hapa naweza kuishi," alisema, akafunga khanga ya pili mabegani. Mchana tulipita Mbeya, milima ikiwa imetuzunguka kwa mbali, mashamba yamepangwa juu yake kama viraka. Mama wa Tunduma alishuka kwao na mabunda yake, akatuachia mkate. Maofisa wa mpakani walipanda, wakatazama karatasi zetu, wakamwamkia mama shikamoo, wakashuka. Asubuhi yake tulikuwa Mpika, ndani ya Zambia, mji wao.

Niliwaona kabla hawajatuona. Yule dada alikuwa amenenepa, amevaa miwani, ana chitenge cha bluu. Mumewe alikuwa na mvi. Kando yao walisimama mabinti wawili, mkubwa akiwa na umri wa kuingia sekondari. Mama aliposhuka kwenye ngazi za behewa, yule dada alipiga magoti pale pale kwenye kokoto, akapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, kama wanavyofanya kwao kumheshimu mkubwa.

"Mwaiseni, mayo," akasema, yaani karibu mama. Halafu, kwa Kiswahili chetu cha kota, na ile "h" ya kooni ikiwa haijaenda popote: "Shikamoo mama. Habari ya huko kwetu?"

Mama alimwinua kwa mabega, akamfuta vumbi magotini kama mtoto.

Binti mkubwa aliletwa mbele akatambulishwa. Jina lake lilikuwa jina la mama. Hakuna aliyewahi kutuandikia hilo kwenye kadi. Mama alilitamka mara mbili, akimtazama yule binti aliyekuwa anatabasamu kwa aibu, na nikaona uso wake ukibadilika. Nilielewa: sasa habari aliyokuja nayo ilikuwa imeongezeka uzito.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji, yenye shamba la mahindi, karanga na mihogo. Mume hakulima ngano tena. Alisema nchini kwao ngano hulimwa mbali na pale, na ujuzi wake wa kombaini alikuwa anautumia kutengeneza mashine ya kusaga ya kanisa. Alipenda kuuliza habari za Hanang. Je, mlima bado unavaa kofia ya wingu asubuhi? Je, viboko bado wapo ziwani Basotu? Mimi nilijibu. Mama alikuwa anamwangalia yule dada.

Tatizo lilikuwa kwamba yule dada hakukaa. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya namna ile. Alipika, akafua shuka zetu ambazo hazikuwa chafu, akakimbilia sokoni, akaita majirani waje wamwone mama yake wa Tanzania. Alitupikia mboga za majani kwa karanga, na siku ya pili akatuletea viwavi vilivyokaangwa, chakula cha heshima kwao. Mama alivitazama, akamtazama aliyevipika, akaweka kimoja mdomoni na kukitafuna akiwa amefumba macho. "Kina chumvi nzuri," akasema. Nyumba nzima ilicheka.

Chumbani nilimnong'oneza, "Utamwambia lini?"

"Hajakaa."

"Alikaa wakati wa kula."

"Kula si kukaa."

Nilianza kuwaza kwamba labda angerudi na habari yake kifuani, na nusu yangu ilitamani iwe hivyo. Nani angejua? Kaburi lilikuwa mbali, upande wa pili wa milima yote ile. Nilimwambia mama hivyo. Hakunikasirikia. Alisema tu, "Ameniuliza kila mwaka, na kila mwaka nimemjibu."

Siku ya nne, alasiri, yule dada alileta ungo wa karanga uani, akatandika mkeka chini ya kivuli cha nyumba, akanyoosha miguu na kuegemea ukuta. Mumewe alikuwa hatua chache pembeni akinoa jembe. Mama akakaa kulia kwa yule dada, mimi kushoto, tukaanza kubambua. Halafu yule dada mwenyewe akaanza, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mama, manyara yetu yamefika wapi sasa?"

Mama akaweka chini karanga alizokuwa nazo mkononi.

"Mwanangu, hayapo."

Akamweleza. Hakupunguza wala hakupamba. Shamba limeongezwa, plau imepita, udongo umegeuzwa mpaka korongoni. "Nilisema nitamwangalia," alimaliza. "Nilikuwa nyumbani Tlawi walipolima. Nimekuja kukuambia kwa mdomo wangu."

Yule dada hakulia. Alikuwa ameshika ganda la karanga kati ya vidole na alilibonyeza mpaka likawa unga. Jembe lilikuwa limenyamaza. Nilipogeuka, mume alikuwa amesimama na tupa mkononi.

"Walikuwa wakifanya hivyo," akasema.

"Nani?" mkewe akauliza.

"Sisi. Madereva." Alizungumza akitazama chini. "Wale wafugaji, Wabarbaig, walikuwa na makaburi ya wazee wao mle uwandani. Matuta makubwa ya udongo, mama unayajua. Siku moja mzee alisimama mbele ya trekta langu, akanionyesha kwa fimbo nipite pembeni. Nikapita pembeni. Kesho yake nikaambiwa mstari unyooke. Nikaunyoosha."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa pili."

"Nilikuwa na mimba."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, nawe una mimba?"

Yule dada akainuka, karanga zikamwagika kwenye mkeka, akaingia ndani. Jioni hakutoka. Binti mkubwa ndiye aliyepika, akatuletea maji ya kunawa kwa heshima zote, akituangalia mmoja mmoja kama anayetafuta ni nani amekosea. Mume hakula. Alikaa nje mpaka giza likaingia, naye mama akakaa nje pamoja naye, kila mmoja kwenye kigoda chake.

Asubuhi yule dada hakuja kumwamkia mama kama alivyofanya siku zote. Mama akaniambia nifungashe. Nilikuwa nakunja khanga yule dada aliposukuma mlango na kuingia. Macho yalikuwa yamevimba. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha mama, karibu na miguu yake.

"Mama, nataka kukuuliza, na usinidanganye kwa kunihurumia."

"Uliza."

"Unafikiri ndiyo sababu? Alichofanya kwa wale wazee, ndicho kilichomchukua mtoto?"

Nilimtazama mama. Nilijua alikotoka, nilijua asubuhi ile ya milango iliyofungwa. Kwa watu wengi wa kwetu jibu lingekuwa tayari.

"Hapana," mama akasema.

"Unajuaje?"

"Sijui. Lakini mimi nimezaa tisa na nimezika watatu, na wawili kati yao niliwazika Tlawi kabla baba yao hajaligusa trekta. Nilitafuta kosa la kila mmoja. Nilitafuta mpaka nikachoka. Kosa lipo, alilifanya, na yeye mwenyewe analijua. Lakini usilifunge pamoja na mtoto. Ukilifunga, hutalifungua tena."

Yule dada akaegemeza kichwa kwenye goti la mama. Kisha akasema, "Nieleze yote. Tangu uliposhuka kwenye lori."

Basi mama akamweleza tena, safari hii taratibu, na akatoa jambo ambalo hata mimi hakuwa ameniambia. Alipokuwa anazunguka pale shambani peku, alitokea mama mmoja wa Kibarbaig, mzee, amevaa ngozi yake na bangili za shaba, akamwuliza anatafuta nini. Mama akamwambia. Yule mama akasema naye huja hapo hapo. Tuta la baba mkwe wake lilikuwa karibu na korongo, na lililimwa siku ile ile ya manyara. Wakatembea pamoja, mmoja akisema lilikuwa huku, mwingine akisema huku. Hawakupata kitu. Mwishowe walisimama tu, yule wa Kibarbaig akatema mate kidogo chini, kama baraka, akanyunyizia na upande wa mtoto.

"Upande wa mtoto wangu?"

"Niliuonyesha kwa mkono. Akanyunyizia."

Yule dada akainua kichwa. "Kumbe yuko na watu," akasema.

Siwezi kusema kwamba mambo yalirudi kama zamani siku hiyo. Alikuwa hazungumzi na mumewe zaidi ya maji na chumvi. Mume alitengeneza kila kitu kilichovunjika nyumbani, hata kiti ambacho hakuna aliyekuwa anakikalia. Siku moja kabla hatujaondoka niliwakuta uani. Mke amekaa kwenye mkeka na mume amekaa pembeni yake, anamwonyesha kitu kwa kuchora na kijiti mavumbini. Nilipopita niliona korongo, na kota, na barabara ya lori. Alikuwa anaonyesha pale tuta la yule mzee lilipokuwa. Alikuwa anauliza kaburi la mtoto lilikuwa wapi, maana yeye hakuwahi kupelekwa. Mkewe akachukua kijiti mkononi mwake, akaweka alama.

Stesheni, mama hakupigiwa magoti. Walikumbatiana wamesimama, wazito wote wawili, mpaka mtumishi wa treni akatusihi tupande.

Miaka ilipita. Mashamba ya ngano yakaanza kudhoofika. Mashine zilikosa vipuri, mashamba mengine yakaacha kulimwa, na ng'ombe wakaanza kupita tena penye mistari iliyonyooka. Kaka yangu alirudi nyumbani. Ilikuwa wakati huo ndipo yule dada alipokuja, peke yake, kwa treni ile ile na mabasi yale yale. Mama alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini alikataa kubaki. Tukashuka wote watatu kwa gari la mtu wa Bashay mpaka Basotu.

Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Korongo lilikuwa limepanuka na kula ukingo wake, na mama, aliyesimama akitazama kila upande, hakuweza tena kusema hata kwa kukisia ni wapi. Nilimwona anahangaika. Yule dada akatuacha, akatembea mbele polepole kwenye nyasi, akasimama mahali palipokuwa sawa na mahali pengine popote.

"Ni hapa," akasema.

"Hapana, mwanangu," mama akamwita. "Ilikuwa kule zaidi, karibu na korongo. Njoo nikuonyeshe."

"Hapa panatosha, mama."

Akakaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha. Mama akasita, kisha akaenda, akashika bega la yule dada na kujishusha taratibu mpaka akakaa naye.